Kiima

Mwalimu Lipunda alituandikia sentensi ya kwanza
mkono umejaa chaki ya njano hadi kiwikoni,
kama mama arudivyo shambani msimu wa salfa.
Mtu aliyekuja jana ni mjomba wangu:
ndivyo ilivyosema, ila kwa Kiingereza.
"Kiima kiko wapi?"
Tukamwonyesha jana.
Tukamwonyesha mjomba.
Chigwiyo, wa dawati la nyuma, akaonyesha mlango.

Mwalimu hakucheka.
"Kwetu kirejeshi hukaa tumboni mwa kitenzi.
Aliyekuja: papasa, utaisikia *ye*
ikicheza kama mtoto wa miezi saba.
Kwao hukaa nje, kibarazani.
Kama ni mtu ataitwa *huu*,
kama ni kitu, *wichi*,
na siku nyingine humkuti,
kaondoka, kaacha kiti kina joto.
Mkimwona, wekeni kidole.
Tembeeni naye mpaka maneno yake yaishe,
kisha kipande chote kizibeni kwa kiganja.
Kinachobaki ndiyo sentensi."

Nikaziba. Ikabaki: mtu ni mjomba.
Nyeupe, kavu, kama korosho iliyobanguliwa.

Wiki mbili nilibangua.
Kitabu kilijaa mabibi ambao mbwa wao wamepotea
na treni ambazo zimechelewa.
Tandahimba hatuna hata treni ya kuchelewa,
lakini niliziba, nikapata kiima, nikapata vema.

Halafu ikaja barua.
Mama alikuwa amepeleka magunia kumi na moja
kwenye chama, tangu mnada wa pili;
stakabadhi zinalala chini ya godoro, ndani ya rambo.
Barua ina muhuri. Barua ni ya Kiingereza.
Balozi aliigeuza mara mbili akamrudishia.
"Soma," mama akasema, anamenya ming'oko.
Sentensi moja, mistari sita.

Nikatoa penseli.
*Wichi*: korosho ambazo zilipokelewa ghalani. Nikaziba.
Ndani yake *wichi* nyingine: ghala ambalo mzani wake
ulikaguliwa. Nikaziba.
Ndani ya huo mzani *huu*: mkaguzi
ambaye ripoti yake bado.
Kiganja changu hakikutosha.
Mama akafuta mkono kwenye kanga, akaongeza wake.
Katikati ya vidole vyetu yakabaki maneno mawili:
Malipo yamesitishwa.

"Nani kayasitisha?"

Tukainua viganja. Nikatafuta upya.
Mkaguzi yupo, lakini yeye alikagua tu.
Ghala lipo, lilipokea tu.
Wote wamekaa kibarazani, kila mmoja na *huu* wake,
na ndani, kwenye kiti cha mtenda,
wameketishwa malipo,
maskini, hayajamfanya mtu lolote.

Jumatatu nilimpelekea Mwalimu.
Aliishika barua muda mrefu kuliko mistari yake.
"Kiima umekipata. Vema."
"Na aliyesitisha?"
Akaangalia dirishani, magunia yanapita kwenye pikipiki.
"Si lazima aandikwe, Somoe.
Sarufi inamruhusu."

Mama hakuuliza sarufi ni nani.
Alileta daftari la mdogo wangu, akachana katikati.
"Jibu. Kwa hicho hicho Kiingereza chao.
Anza na mimi."
Nikaandika mimi yao: herufi moja, wima,
kama nguzo ya umeme usiofika kwetu.
"Ndiyo mimi huyo?"
"Ndiyo."
"Mbona kakonda?"
Akavuta kigoda.
"Mnenepeshe."

Basi tukamlisha.
*Huu*, aliyepuliza salfa akakohoa hadi Mei.
*Huu*, aliyeokota moja moja akiwa na mimba ya Dadi.
*Huu*, ambaye kangomba walimjia usiku na bakuli
na pesa taslimu, akakataa, akangoja chama.
*Huu*, ambaye vidole vyake, nikamwuliza nisemeje,
akavinyoosha tu mbele ya kibatari,
nikaandika nilichokiona.

Ukurasa ukaisha kabla ya kitenzi.
Nikageuza. Upande wa pili, peke yake, juu kabisa:
nadai.